Risasi ya kimya: Kabla hujaitamani, sikiliza msitu wa Nyeri kwanza

Jumamosi iliyopita tulikuwa watu watano kwenye kibanda cha chai pale Ruring'u. Simu moja, bando moja, shingo tano zimepinda. Kwenye video kuna Mmarekani mwenye kofia anajaribu risasi mpya. Analenga sahani ya chuma, anavuta. Hakuna mshindo. Unasikia tu "tap", halafu mbali kule chuma kinalia "ting!" Yaani sahani imepiga kelele kuliko bunduki.

Sote tukasema "aisee" kwa pamoja. Kisha mmoja wetu, jamaa wa Kabaru, akaweka kikombe chini.

"Hiyo kitu ukiwa nayo kule kwetu, ndovu wakiingia shamba usiku unamalizana nao na hata jirani hajui."

Tukacheka. Yeye hakucheka. Msimu uliopita ndovu walishinda usiku mzima kwenye viazi vya mamake, na karo ya mdogo wake ikaenda na hivyo viazi.

Hilo neno lake limenikaa kichwani wiki nzima. Mimi sijawahi kushika bunduki, na chuo niliacha mwaka wa pili, kwa hivyo usinichukue kama mtaalamu wa silaha. Lakini risasi ni kitu unachoweza kukipima kwa hesabu za sekondari, na kwa kuuliza swali moja: itatumika wapi? Hebu tuipime pamoja.

Ni risasi gani hasa?

Ile ya video inaitwa .338 ARC. Kampuni ya Hornady ya Marekani iliizindua 2025. Si ya kwanza ya aina yake. Kabla yake kulikuwa na .300 Blackout, iliyopata viwango rasmi Marekani 2011, na nyingine kadhaa katikati. Zote zina wazo moja: risasi nzito inayokwenda polepole.

Kwa nini polepole? Kwa sababu bunduki hutoa kelele mbili, si moja. Ya kwanza ni mshindo wa gesi ya baruti ikitoka mdomoni mwa mtutu. Ya pili ni mlio wa risasi yenyewe ikipasua hewa, kama mjeledi, kwa sababu inakwenda kasi kuliko sauti. Ya kwanza unaweza kuipunguza kwa sailensa. Ya pili sailensa haiwezi kuigusa. Dawa yake ni kupunguza mwendo wa risasi mpaka uwe chini ya mwendo wa sauti.

Sailensa yenyewe unaijua tayari. Kila nduthi ya hapa mjini inayo, isipokuwa zile za vijana walioichomoa ili Nyeri nzima ijue wamefika. Kazi ni ileile: gesi moto inapitishwa kwenye vyumba vidogo, inapoa, inatoka kwa utaratibu. Aliyeipatia bunduki kifaa hicho ni Hiram Percy Maxim, Mmarekani aliyepata hataza yake 1909. Babake, Hiram Maxim, ndiye aliyetengeneza bunduki ya rashasha ya Maxim ambayo Waingereza waliitumia kuteka nchi zetu. Baba alileta kelele, mwana akaleta kimya.

Na usidanganywe na sinema. Bunduki ya kuwinda hufika desibeli 160 hivi. Sailensa nzuri hupunguza kama 20 hadi 35. Hesabu mwenyewe: hiyo bado ni kelele. Ile "tap" ya video inategemea pia maikrofoni ya simu ya huyo jamaa.

Baridi ya Nyandarua ina lake la kusema

Hapa kuna jambo ambalo wale wa video hawakusema, kwa sababu hawaishi kwetu. Mwendo wa sauti hubadilika kulingana na joto la hewa. Wengi wanadhani ni urefu wa mlima. Hapana, ni baridi.

Mombasa mchana, nyuzi 30, sauti huenda mita 349 kwa sekunde. Nyeri mjini saa kumi na mbili asubuhi, nyuzi 12, ni mita 339 hivi. Panda hadi nyanda za juu za Nyandarua alfajiri, nyuzi 2, unapata 333 hivi. Risasi ya .338 ARC ya mwendo wa chini hutoka kwa takriban mita 320 kwa sekunde.

Kwa hivyo Pwani ina nafasi ya karibu mita 30 kabla ianze kupasua hewa. Juu ya Nyandarua nafasi hiyo inabaki 13. Na risasi hazitoki zote kwa mwendo mmoja, hata za pakiti moja. Risasi iliyo kimya Mombasa huku juu imebakisha kidogo tu kabla ya kulia kama mjeledi.

Nguvu nayo?

Hapa ndipo mambo yanaharibika. Ukipunguza mwendo, unapunguza nguvu, na si kidogo. Nguvu hufuata mraba wa mwendo. Kumbuka mwalimu wa fizikia akiandika nusu m v mraba ubaoni na wewe ukichora magari nyuma ya daftari. Mimi pia nilikuwa nachora.

Risasi ya .300 Blackout ya kimya ina takriban jouli 680. Hii mpya, .338 ARC, ina kama 1,000. Ni hatua nzuri mbele, tusiinyime sifa. Lakini risasi ya kawaida ya .308, ile ya kupiga swala, ina karibu 3,600. Na .375 H&H, inayotajwa kila mara kama kiwango cha chini cha kuwindia nyati, ina karibu 5,800.

Sasa rudi kwa ndovu wa Kabaru. Jouli 1,000 kwa mnyama wa tani kadhaa. Huyo humuui, unamjeruhi. Atakwenda na risasi yako mwilini, na kesho yake atakutana na mama wa mtu anayetafuta kuni, au mtoto anayekwenda shule. Nyati vilevile. Mtu yeyote aliyekulia karibu na msitu atakwambia kwamba nyati mzima hukutisha, lakini nyati mwenye kidonda hukusubiri.

Kuna pia suala la kushuka. Risasi ya polepole huvutwa chini muda mrefu zaidi. Kufikia mita 100 imeshuka karibu nusu mita, na kufikia 200 imeshuka karibu mita mbili. Ukiwa umerekebisha darubini yako kwa mita 100 na mnyama kumbe yuko 150, risasi itapiga karibu sentimita 40 chini ya pale ulipolenga. Usiku, kwenye mteremko, kati ya mianzi, nani anajua kama ni 100 au 150? Umelenga moyo, umevunja mguu.

Kwa nini basi Wamarekani wanaisifu? Kwa sababu kwao ina kazi. Kule Texas nguruwe mwitu wanafukua mashamba, sheria inaruhusu kuwapiga, na mkulima anawapiga usiku kwa darubini ya joto, kwa umbali mfupi, bila kutawanya kundi zima kwa mshindo wa kwanza. Norway, Finland na New Zealand, sailensa ni kifaa cha kawaida cha kulinda masikio ya mwindaji. Kwa kazi hiyo, chini ya mita 100 na kwa mnyama wa kadiri ya nguruwe, naipa alama nzuri. Ni chombo kizuri cha mahali pengine.

Kwetu sheria imefunga hiyo mlango

Kenya ilipiga marufuku uwindaji Mei 1977. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ikakaza zaidi: ilipoanza, aliyepatikana na hatia kuhusu wanyama walio hatarini kuangamia alikuwa akiangalia faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo cha maisha. Swala wa kitoweo pia ni kosa. Na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inahesabu kifaa cha kupunguza mshindo kama silaha yenyewe. Yaani hata ukipatikana na kile kibomba pekee, bila bunduki, una kesi.

Najua, sheria haijawahi kumshibisha mtu. Nilikaa dawati moja na kijana wa upande wa Kiganjo aliyekuwa anaweka mitego ya nyaya msituni. Pongo mmoja, nyama inauzwa kwa kilo kimyakimya, pesa ya wikendi. Alishikwa. Leo tunaongea habari zake kama za mtu aliyehama nchi. Hakuwa jambazi. Alikuwa na njaa na ujanja kidogo, na hakuna aliyemwambia mapema kwamba hesabu hiyo haifungi.

Mlio ni kengele

Jumapili nilienda kumwona guka wangu, Tetu. Wakati wa hali ya hatari alikuwa mtoto wa miaka kama kumi. Nikamwonyesha ile video. Akaitazama mara mbili, akanirudishia simu.

"Na huyu akikukosea wewe, sisi tutajuaje?" akaniuliza.

Sikuwa na jibu. Akaendelea. Zamani, alisema, mlio wa bunduki kutoka msituni ulikuwa habari. Ulijua ni upande gani, ulijua nani asitoke nyumbani. Hata wapiganaji wa Mau Mau kule ndani, walipotaka nyama, walipendelea mitego, kwa sababu mlio mmoja ungewaletea askari.

Fikiria hilo. Yule aliyekuwa akijificha alihitaji kimya. Kijiji kilihitaji mlio. Na leo mambo ni yaleyale. Askari wa KWS hawawezi kuwa chini ya kila mti kati ya Mweiga na Chogoria. Wanategemea masikio: yao, na ya mkulima anayeamka saa nane usiku na kusema, "huo haukuwa mlango." Ndiyo maana majangili wa faru kule Kruger, Afrika Kusini, walianza kutumia bunduki zenye sailensa. Hawakuwa wanalinda masikio yao.

Sisi tayari tuna silaha ya kimya msituni, na unajua madhara yake. Ni ule waya wa mtego. Haulii, haulali, hauchagui. Unamshika pongo, fisi, hata mtoto wa ndovu, na mtu anaweza kumkuta wiki mbili baadaye. Ukileta risasi ya kimya kwenye mlima huu, umeongeza waya mwingine unaoruka.

Mwindaji aliyelala mjini kwetu

Siku ukiwa huna la kufanya, tembea hadi makaburi ya kanisa la St Peter's hapa Nyeri. Watalii huja kwa sababu ya Baden-Powell. Lakini karibu naye amelala Jim Corbett, aliyewinda simbamarara na chui waliokula watu India, akahamia Nyeri 1947 na kuishi Paxtu, ile nyumba ndogo kwenye uwanja wa hoteli ya Outspan, hadi alipofariki 1955. Mtu aliyeijua bunduki kuliko sisi sote watano wa kibandani alimaliza miaka yake akipenda zaidi kamera. Sisemi wewe uwe Corbett. Nasema aliyejua zaidi hakutamani zaidi.

Risasi ya kimya ambayo tunayo

Kuna moja. Hutumiwa na madaktari wa mifugo wa KWS. Ni kishale chenye sindano ya dawa ya usingizi, kinachorushwa kwa gesi au baruti kidogo, na kinakwenda chini ya mwendo wa sauti. Anayekirusha anaijua dawa, anaujua uzito wa mnyama, na ana dawa ya kumwamsha mkononi. Mapema 2024, faru weusi 21 walihamishiwa Loisaba, Laikipia, kutoka Nairobi, Ol Pejeta na Lewa, na kila mmoja alianza safari kwa kishale kama hicho. Hapo kimya kina kazi: mnyama anaangushwa ili aishi.

Nilimpigia yule jamaa wa Kabaru. Nikampa hesabu zote: jouli, sentimita 40, Sura ya 114. Akanyamaza kidogo.

"Sawa, lakini viazi vililiwa," akasema.

Ni kweli. Na sina risasi ya kumjibu. Nilichonacho ni hiki: ile sheria ya 2013 inatambua fidia kwa mazao yaliyoharibiwa na kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuawa na mnyama, kwa kifo ni shilingi milioni 5. Malipo huchelewa, na hilo si siri. Lakini bila ripoti hakuna hata foleni ya kusimama. Kwa hivyo ndovu wakiingia: kaa mbali, piga picha asubuhi kabla hujagusa kitu, ripoti KWS na kwa chifu, hifadhi nakala ya fomu. Halafu uliza kwa sauti kubwa ua la umeme liko wapi. Lile la Nyandarua, karibu kilomita 400, lilikamilika 2009, na lilitokana na watu waliochoka kupoteza mashamba na msitu kwa pamoja.

Tumekubaliana kwenda naye kujaza hiyo fomu Jumatano. Amesema chai ni juu yangu.