Mtangazaji Aliyeuliza: Je, Huu ni Ungwana?

Akina mama wenzetu, wengi wetu hapa Magole tulikulia katika nyumba ambamo redio ilikuwa mali ya baba. Yeye ndiye aliyenunua betri, na zilipochoka sisi watoto ndio tuliopewa kazi ya kuzianika juani ili zipate nguvu ya jioni moja zaidi. Mpira ulipotangazwa, nyumba nzima ilinyamaza. Mama alikoroga ugali polepole, naye alisikiliza, ingawa hakuna aliyemwuliza kama anapenda mpira.

Mpira wa redioni ni kazi ngumu kuliko tunavyodhani. Msikilizaji haoni kitu. Mtangazaji ndiye macho yake, kwa hiyo humwambia kwanza timu ipi inatoka kulia kwenda kushoto kwa redio yake, kisha humpeleka na mpira hatua kwa hatua, jina kwa jina, bila kupumzika. Akinyamaza kidogo tu, mtu aliyekaa Magole au Kisumu hudhani betri imekufa. Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na mabingwa wake wa kazi hiyo, na mmoja wao alikuwa mwanamke, Halima Mchuka, wakati ambapo wengi waliona hiyo ni kazi ya wanaume peke yao. Upande wa Kenya jina kubwa lilikuwa Leonard Mambo Mbotela. Huyu ndiye tunayetaka kumzungumzia leo, kwa sababu alifanya jambo ambalo watangazaji wa mpira hawalifanyi sana: aliingia nyumbani mwa watu akazungumza nao juu ya adabu.

Mbotela alizaliwa mwaka 1940, katika jamii ya Freretown, Mombasa. Kijiji hicho kilianzishwa na wamisionari wa CMS katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, na wazee wa Mbotela walikuwa miongoni mwa watu hao. Baba yake, James Mbotela, aliandika kitabu cha Uhuru wa Watumwa kilichotoka mwaka 1934. Sisi wa Kilosa habari hizi si za mbali. Misafara ya watumwa na pembe ilikuwa ikipita katika nchi yetu hii kuelekea pwani, na CMS hao hao walikuwa na kituo Mamboya, huku juu Ukaguruni. Tukiyakumbuka hayo, neno "ungwana" linakuwa na uzito mwingine. Zamani mwungwana alikuwa mtu asiye mtumwa. Mjukuu wa watumwa alilichukua neno hilo, akawauliza watu wote, matajiri kwa maskini, kama wanalistahili kwa matendo yao.

Alijiunga na redio ya taifa ya Kenya mwaka 1964, enzi za Sauti ya Kenya, na mwaka 1966 akaanzisha kipindi chake cha Je, Huu ni Ungwana? Kilikuwa kipindi kifupi. Alieleza tabia fulani ambayo watu wameizoea, akaichambua kwa utani na upole, kisha akauliza swali lile lile. Kiliendelea kwa zaidi ya miaka 50, na watoto waliokisikia wakiwa mgongoni mwa mama zao walikuja kukisikiliza na wajukuu.

Tunaofanya kazi ya uuguzi swali hilo tungeweza kuliuliza kila siku. Mtu anakuja kumwona mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji, anaketi kitandani juu ya mshono, anaanza kuhesabu majirani waliokufa kwa ugonjwa huo huo. Mwingine anamsema mkamwana wake mbele ya kliniki nzima kwa sababu mtoto hakuongezeka uzito. Na sisi wauguzi tusijitoe: kumfokea mama mwenye uchungu, je, huu ni ungwana? Uzuri wa swali la Mbotela ni kwamba halikumtukana mtu. Lilimwachia msikilizaji ajijibu mwenyewe, na hilo ndilo linaloshinda fimbo, kwa watoto na hata kwa waume zetu.

Lakini sauti inayoaminiwa ina hatari yake. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 1 Agosti 1982, askari waasi wa Jeshi la Anga la Kenya walimfuata Mbotela nyumbani kwake Nairobi, wakamchukua kwa mtutu wa bunduki mpaka kituo cha redio. Walikuwa na bunduki na walikuwa wamekiteka kituo. Wangeweza kusoma tangazo wao wenyewe. Walimtaka yeye, kwa kuwa walijua Mkenya akisikia sauti ile ataamini. Akatangaza kwamba serikali ya Rais Moi imepinduliwa. Siku hiyo hiyo askari watiifu wakakikomboa kituo, na Mbotela akatangaza tena, safari hii kwamba serikali ipo na mambo yamedhibitiwa. Kiongozi wa waasi, Hezekiah Ochuka, alikimbilia kwetu Tanzania kwa ndege. Baadaye alirudishwa Kenya, akahukumiwa, akanyongwa mwaka 1987.

Tumejadiliana sana sisi wenyewe juu ya asubuhi ile. Wapo wanaosema mtu mwadilifu angekataa. Sisi tunaona ni rahisi kusema hivyo ukiwa umekaa kwenye mkeka. Alikuwa mume na baba, na bunduki ilikuwa kichwani. Kinachotugusa ni kwamba uaminifu wake, alioujenga tangu mwaka 1964 kwa kipindi cha adabu na mpira, uliibwa kwa saa chache kama mtu anavyoiba nguo kambani. Akalazimika kurudi hewani wiki zilizofuata na kuujenga upya. Alirudi bila kujitetea kwa kelele. Akaendelea kutangaza mpira, akaendelea kuuliza swali lake, na Wakenya wakaendelea kumjibu. Baadaye alifanya kazi hata katika kitengo cha habari cha Rais, yaani kwa Moi yule yule ambaye yeye alilazimishwa kutangaza kuwa ameanguka. Miaka mingi baadaye alikisimulia kisa hicho mara kwa mara, kila alipoulizwa, wala hakujifanya shujaa.

Mzee Mbotela alifariki tarehe 7 Februari 2025 akiwa na umri wa miaka 84. Kwa Wakenya wengi jina la kipindi chake limekuwa msemo: mtu akiruka foleni au akikopa sufuria asirudishe, aliye jirani humtazama tu, akamwuliza kwa sauti ya kuigiza redio, je, huu ni ungwana?