Kuunganisha Vituo kwa Waya Mfupi Kabisa: Somo la Uwanjani

Mwaka 2018 mji wetu wa Songea uliunganishwa na gridi ya taifa kwa njia ya umeme ya kilovolti 220 itokayo Makambako kupitia Madaba. Kabla ya hapo ulitegemea majenereta ya dizeli. Waya ni gharama. Je, vituo vingi vyaweza kuunganishwaje vyote kwa waya mfupi kabisa? Otakar Borůvka alilijibu swali hili mwaka 1926, kwa ajili ya umeme wa Moravia. Mwaka 1956 Joseph Kruskal alitoa kanuni nyepesi tunayoieleza hapa.

Mwalimu asianzie ubaoni. Achomeke uwanjani vigingi 5 na kuvipa majina ya kata zetu. Kwa zoezi tu, kamba zinazoruhusiwa na urefu wake kwa hatua ziwe hizi:

Mfaranyaki–Majengo 3
Majengo–Matarawe 4
Mfaranyaki–Matarawe 5
Matarawe–Lizaboni 6
Mfaranyaki–Bombambili 7
Lizaboni–Bombambili 8

Kanuni ni hii: chukua kamba iliyo fupi kuliko zote zilizobaki, ikiwa itafunga mzunguko, iache, endelea mpaka vigingi vyote viungane. Wanafunzi watafunga ya 3 na ya 4. Ya 5 wataiacha, kwa kuwa Mfaranyaki na Matarawe zimekwisha kuungana kupitia Majengo. Watafunga ya 6 na ya 7. Jumla ni hatua 20 kwa kamba 4, yaani idadi ya vigingi kasoro moja.

Walimu wengi wapya hukomea hapo, nasi twaona ni kosa. Mtoto atauliza: “Mwalimu, tutajuaje kuwa hakuna mpango ulio bora zaidi?” Haifai kumjibu kwamba ndivyo kanuni isemavyo. Wala hawezi kujaribu mipango yote: vigingi 10 vinavyoweza kuunganishwa kila kimoja na kila kingine vina mipango 100,000,000. Basi atumie kamba ya 5 badala ya ya 3. Jumla itakuwa 22. Kisha airudishe ya 3. Mzunguko utatokea, naye ataitoa ya 5 bila kutenga kigingi chochote. Hivyo ndivyo kila mpango unaoacha kamba fupi kwa ajili ya ndefu uwezavyo kupunguzwa.

Mwisho, ikatwe kamba ya Mfaranyaki–Majengo. Mfaranyaki na Bombambili zitatengwa na wenzao. Mwanafunzi na aondoke akijua kwamba mpango wa gharama ndogo hauna njia ya akiba.