Kukodisha Chumba kwa Wageni: Tujue Sheria Mapema

Sisi wa Chokocho tumezoea wapita njia, maana hapa ndipo watu wanapopandia mashua za kwenda Kisiwa Panza. Lakini siku hizi Zanzibar kuna wageni wa namna nyingine. Mwenye nyumba hukitangaza chumba chake katika simu. Mtalii hukiona, akaja, akalala siku tatu, akalipa, akenda zake. Hiyo ni riziki. Lakini riziki hii ina sheria zake, na ni bora tuzijue kabla mgeni hajapiga hodi.

Kwanza ni leseni. Sheria ya Utalii ya Zanzibar, Namba 6 ya mwaka 2009, inataka biashara ya kulaza watalii iwe na leseni ya Kamisheni ya Utalii. Kamisheni hiyo ina ofisi Pemba pia. Mambo ya kodi yako kwa Mamlaka ya Mapato Zanzibar. Na sheha naye apate habari ya nani kalala katika shehia yake. Hii si fitina, jamani. Moto ukizuka usiku, tutamtafutaje mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote? Mali bila daftari hupotea bila habari, mtu je?

Labda utauliza: kwa nini serikali iingilie nyumba ya mtu? Tutazame miji mikubwa. Mwenye nyumba akiona watalii wanalipa zaidi, humtoa mpangaji wake. Wengi wakifanya hivyo, kodi za nyumba hupanda na wenyeji hukosa pa kukaa. Kwa hiyo New York, huko Marekani, tangu Septemba 2023 anayekodisha kwa siku zisizofika 30 lazima ajiandikishe, akae humo humo na wageni, na wageni wasizidi wawili. Mji wa Barcelona, Hispania, ulitangaza mwaka 2024 kwamba leseni za nyumba 10,101 za watalii hazitaendelezwa, na zote ziwe zimekwisha ifikapo Novemba 2028.

Huku shamba shida ni nyingine. Kwetu jambo la kwanza ni maji. Kisima kinachotosha nyumba tano kitatosha wageni nao? Choo kiko wapi? Taka zitatupwa wapi? Mgeni kaelezwa mavazi na heshima ya kijiji? Mambo haya tuyazungumze kijijini kabla, si baada ya ugomvi.

La mwisho ni hili. Akija mtu anataka nyumba nzima, au kiwanja cha pwani, kwa miaka mingi, huyo si mgeni wa kulala. Tusifanye haraka. Mkataba uwe wa Kiswahili, useme muda, malipo, na siku ya kurudishwa mali. Zamani wazee wetu walitia dole gumba tu kwenye karatasi wasiyoielewa. Sisi tumejifunza kusoma. Basi tusome kwanza, ndipo tutie saini.