PETROLI IKIPANDA, NA SISI TUTAPANDA BAISKELI?

KILA Jumatano ya kwanza ya mwezi wenye vyombo vya moto hapa Bongo wanakaa roho juu. Ndiyo siku ambayo EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, inatangaza bei kikomo za mafuta. Zikishuka, kijiweni ni vicheko. Zikipanda, utasikia wimbo ule ule: "Mwezi huu chombo nakiegesha, mimi na baiskeli tu!"

Mpenzi msomaji, hebu tuulizane bila unafiki. Tangu umeanza kuisikia kauli hiyo, ni washikaji wangapi umewaona kweli wameegesha chombo na kununua baiskeli? Mimi kwa upande wangu bado natafuta wa kwanza.

Si kwamba bei hazijawahi kutubana. Mwaka 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine mwezi Februari, petroli jijini Dar es Salaam ilikuwa sh 2,861 kwa lita mwezi Aprili. Ilipofika Agosti ikawa sh 3,410, tena hapo serikali ilikuwa imeshaanza kumwaga ruzuku ya sh bilioni 100 tangu Juni. Kwetu huku bara, mbali na bandari, bei huwa juu zaidi maana lori halitembei bure. Watu walipiga kelele mpaka sauti zikakauka, halafu kesho yake wakadandia bodaboda kama kawaida.

Nikataka kujua kwa nini. Sikwenda kuwauliza mabosi wenye magari ya viyoyozi. Nilikwenda mahali ambapo kama baiskeli ina ubavu wa kuishinda injini, basi ingeishinda pale: Nyumba ya Mungu.

KISINGIZIO CHA MLIMA HAKIPO

Kwa ambaye hajafika, hili ni bwawa kubwa lililo magharibi mwa milima ya Upare. Lilijengwa miaka ya 1960 pale mito ya Ruvu na Kikuletwa inapokutana, na chini ya ukuta wake ndipo unapoanzia mto Pangani. Kuna mtambo wa umeme wa megawati 8. Lakini mwambie mtu wa Mwanga au Same neno "Nyumba ya Mungu" uone kama atakuambia habari za umeme. Atameza mate tu. Pale ni perege na kambale, basi.

Sasa, ukiwa Usangi au Ugweno huko juu milimani, mtu akikukataza kununua baiskeli anakupenda. Kupanda unaisukuma, kushuka unaomba breki zisikusaliti. Huko sithubutu kumlaumu mtu.

Huku chini ni habari nyingine. Kutoka barabara kuu ya Dar–Arusha unaingia ndani kwenye tambarare. Ni jua, vumbi, migunga na upepo. Kilima cha kukutoa jasho hakuna. Na baiskeli yenyewe si ngeni. Ipo siku nyingi, ile nyeusi nzito, tenga la samaki likiwa limefungwa kwenye kerieri kwa mpira wa tyubu kuukuu, muuzaji anapiga pedeli huku inzi wakimsindikiza kama msafara wa waziri.

Kwa hiyo njia ni tambarare, ujuzi upo, na mafuta ni ghali. Katika vijiji ambavyo kituo cha mafuta kiko mbali, petroli huuzwa kwenye chupa, na bei ya chupa haisomi tangazo la EWURA. Ungetegemea nini? Baiskeli zijae tele! Mbona basi nilipokaa pembeni ya njia kutazama, kilichonivumbisha mara nyingi kilikuwa pikipiki?

TUPIGE HESABU YA KIJIWENI

Kijana mmoja mwenye pikipiki alinifundisha somo ambalo mwalimu wangu wa hisabati kidato cha nne hakuwahi kulifikisha. Tuchukulie pikipiki ya kawaida ya bodaboda inatembea kilomita 40 kwa lita moja. Tuchukulie safari ya kutoka mwaloni hadi barabarani na kurudi ni hizo kilomita 40. Ina maana safari nzima inakula lita moja.

Petroli ilipopanda mwaka ule kutoka sh 2,861 hadi sh 3,410, kilichoongezeka kwenye safari hiyo ni sh 549. Mia tano na hamsini, msomaji wangu! Ndiyo, inauma. Lakini je, inauma kiasi cha mtu kuacha kiti laini na kupiga pedeli saa nne juani?

Weka na samaki kwenye hesabu. Perege mbichi hana subira. Kwa pikipiki unafika barabarani wakati macho yake bado yanang'aa. Kwa baiskeli yenye mzigo, kwenye mchanga, saa mbili zinaweza kukatika njiani, na ukipata pancha ya mwiba wa mgunga ndiyo umekwisha. Unakaa chini ya mti unaziba tyubu huku mtaji unaanza kunuka. Samaki akilegea, mteja anakushusha bei kuliko hiyo mia tano na hamsini uliyokimbia.

Ndiyo maana nasema wanaotabiri kwamba "mafuta yakipanda watu watahamia baiskeli" wanatazama bei ya lita tu. Mwenye injini anatazama muda wake na mzigo wake. Mafuta yakipanda kidogo, anapunguza safari za kuuza sura, anabeba mzigo zaidi kwa safari moja, au anamwongezea abiria nauli. Chombo hakiachi.

ANAYEUMIA NI ASIYE NA CHOMBO

Na hapo kwenye kumwongezea abiria nauli ndipo penye uchungu.

Pale mwaloni wapo akina mama wanaonunua samaki wa ndoo moja au mbili. Hawana pikipiki, na baiskeli hawapandi. Wengi hawakufundishwa tangu wadogo, maana nyumbani baiskeli ilikuwa ya baba na ya kaka. Mama wa namna hii anamtegemea bodaboda. Bei ya chupa ikipanda, bodaboda haongezi sh 40 wala sh 70. Anaongeza mia tano nzima, kwa sababu chenji ni usumbufu.

Nilimsalimia mama mmoja, shikamoo, nikamuuliza: nauli ikimshinda, atapanda baiskeli? Alinitazama kama nimemwambia apae. Akanieleza taratibu kwamba nauli ikimshinda anawauza samaki pale pale kwa mchuuzi mwenye usafiri, kwa bei anayotaka mchuuzi, halafu anarudi nyumbani kwa miguu na faida ya kununulia unga na chumvi.

Hilo ndilo jibu, jamani. Petroli ikipanda, mwenye injini anaendelea kutembea, na aliyekuwa analipia injini ya mwenzake anashuka na kutembea kwa miguu. Baiskeli iko katikati ya hao wawili na hakuna anayeifikia. Wa juu anaiona ya kimaskini, wa chini hana pesa ya kuinunua.

NA NYIE WA MJINI MNACHEKA NINI?

Msidhani haya ni mambo ya samaki tu. Nanyi wa Moshi, Arusha na Dar nina hesabu yenu.

Nauli ya daladala ya mjini kwa safari isiyozidi kilomita 10 ilikuwa sh 400. LATRA, wanaodhibiti usafiri wa nchi kavu, wakaipandisha hadi sh 500 mwaka 2022, na Desemba 2023 ikawa sh 600. Kwenda na kurudi kwa siku 26 za kazi, kwa nauli hiyo ya sh 600, ni sh 31,200 kwa mwezi. Tuseme baiskeli imara unaipata kwa laki mbili na nusu. Miezi minane tu imejilipa, kuanzia hapo unakula bata! Hakuna tenga linalooza, hakuna mchanga. Kwa karatasi, kijana wa mjini ndiye mtu wa kwanza aliyepaswa kupanda baiskeli.

Kwa nini hapandi? Sababu ya kwanza hana hiyo laki mbili na nusu kwa mkupuo, wakati sh 600 anayo. Ya pili ni woga, na woga wenyewe una haki. Jaribu kupiga pedeli pembezoni mwa barabara kuu pale Mwanga au Same, basi la Dar likupite na upepo wake, utajua kwa nini bibi yako alikuwa anakuombea. Ya tatu ni aibu. Kijana anaona heri aning'inie mlangoni mwa daladala kwapa la mtu likiwa puani, kuliko demu wake amwone anaendesha baiskeli yenye kengele. Eti atambebaje, kwenye kerieri?

Masela, hata hilo jina bodaboda mnalojivunia asili yake ni baiskeli! Lilianzia mpakani Busia, Kenya na Uganda, kwa vijana waliobeba abiria kwenye kerieri kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Na kule Shinyanga baiskeli ya abiria ilipewa jina la daladala. Injini zikaja, zikachukua abiria na jina lao.

WALIOJARIBU KABLA YETU

Wazee wetu waliwahi kubanwa na mafuta kuliko sisi. Baada ya bei ya dunia kupaa mwaka 1973, na tena mwishoni mwa miaka ya 1970 tulipotoka vitani Uganda, serikali ilipiga marufuku magari binafsi kutembea Jumapili kuanzia mchana. Baiskeli za Swala zilikuwa zinatengenezwa hapa hapa nchini. Lakini fedha za kigeni hazikuwepo, na vitu vya dukani viliadimika. Mtu alikuwa tayari kupanda baiskeli, ila kumpata tairi na tyubu ilikuwa bahati nasibu.

Uholanzi nao walibanwa mwaka ule ule wa 1973 mpaka wakawa na Jumapili zisizo na magari. Lakini hawakuishia kwenye bei. Wazazi walikuwa wameingia mitaani kupinga watoto wao kugongwa na magari, na miji ikaanza kujenga njia za baiskeli. Mafuta yaliposhuka, njia zilibaki, na watu wakabaki juu ya baiskeli.

Cuba ilikuwa tofauti. Mafuta ya Urusi yalipokatika mwanzoni mwa miaka ya 1990, waliagiza baiskeli zaidi ya milioni moja kutoka China. Mji wa Havana ukajaa pedeli. Hali ya mafuta ilipopata nafuu, wengi waliziacha, maana walizipanda kwa shida tu, na shida ikiisha mtu anatupa kila kinachomkumbusha.

Unaona tofauti? Bei inaweza kumpandisha mtu baiskeli kwa lazima. Kumbakiza pale juu ni kazi ya barabara salama.

KWA HIYO TUFANYEJE?

Msimamo wangu ni huu. Anayesubiri petroli ipande ili Watanzania waendeshe baiskeli anasubiri akina mama wa mwaloni waumie kwanza, na mwisho baiskeli zenyewe hatazipata. Kama tunazitaka, tuanze na vitu ambavyo havina uhusiano na kituo cha mafuta.

Barabara ikijengwa au kupanuliwa, iwekewe njia ya baiskeli, halafu ilindwe. Morogoro Road kule Dar iliwekewe njia hizo pamoja na mabasi ya mwendokasi, ni jambo zuri, lakini njia ya baiskeli ikigeuka maegesho ya bodaboda na meza ya mitumba inakuwa pambo tu. Vikundi vya kukopeshana, ambavyo akina mama wanavijua kuliko benki, vikopeshe na baiskeli pia, walipe kidogo kidogo kama wanavyolipia vitenge. Na mabinti wafundishwe kuendesha wakiwa wadogo, wasije wakafika umri wa kuhangaikia ndoo ya samaki wakiwa na njia moja tu ya kufika sokoni.

Kwa safari ya kilomita 20 na perege wabichi, tumwachie mwenye pikipiki. Hapo baiskeli isibebeshwe kazi isiyo yake. Lakini kwa kilomita tatu za kwenda shule, nne za kwenda gengeni, tano za kwenda kazini, kwenye tambarare za Same, Mwanga na Moshi mjini, hakuna injini inayohitajika, bei iwe juu au chini.

Na wewe mshikaji uliyeapa kuegesha chombo Jumatano ikifika, usisubiri tangazo la EWURA. Kanunue baiskeli mwezi ambao petroli imeshuka. Ukiiendesha mwezi huo bila kulazimishwa na mtu, ndipo nitaamini kwamba umehama kweli.