Ukihamia Fedha, uliza kuhusu Jumatano

Ukihamia Fedha, wa kwanza kukujua ni keateka wa ploti, naye anakujua kwa namba ya nyumba na tarehe unayolipa kodi. Jirani wa mlango wa pili utamsikia akifunga geti lake la chuma saa kumi na moja alfajiri, akiwahi matatu ya namba 33, na mwezi utakwisha hamjaamkiana. Ndiyo maana wengi wanaohamia upande huu wa Embakasi, Nairobi, iwe ni Fedha, Tassia au Nyayo, huulizia kanisa kabla ya kuulizia kinyozi. Kuna waliolelewa katika imani. Kuna pia, tusidanganyane, wanaotafuta watu tu.

Makanisa hayakosekani. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba Wakenya 85 katika kila 100 ni Wakristo, na Jumapili asubuhi utadhani wote wamepanga nyumba kando ya barabara ya Outer Ring. Shuka steji ya Taj Mall (jumba lenyewe lilibomolewa mwaka 2018 lakini makanga hawajapata habari), ukate kuingia mitaani, na masikio yatakupeleka: kwaya huku, spika za mapambio kule, kengele ya misa mbele kidogo. Kazi ya mgeni si kupata kanisa. Kazi ni kujua ni lipi litamkumbuka asipoonekana.

Jumapili yenyewe haina siri kubwa. Makanisa mengi ya Eastlands yana ibada ya mapema kwa Kiingereza na ya pili kwa Kiswahili. Ya Kiingereza huisha kwa wakati kwa sababu wa pili wanasubiri nje na watoto. Ya Kiswahili huisha Roho akiruhusu. Ukitaka kuwajua watu, nenda ya pili. Beba Biblia, ile ya Union Version ya 1952 ndiyo inayosomwa karibu kote kwa Waprotestanti, na kitabu cha nyimbo cha Tenzi za Rohoni kama unacho. Ukisikia "Bwana asifiwe", jibu "Amina". Kwa Wakatoliki, "Tumsifu Yesu Kristo" hujibiwa "Milele na milele, amina". Wasabato hukutana Jumamosi, hukusalimu "Sabato njema", na katika makanisa yao mengi mgeni haruhusiwi kwenda nyumbani kabla ya kula. Sufuria za wali na maharagwe hutoka kila upande. Kwa ukarimu wa tumbo, nadhani hakuna anayewashinda.

Halafu hufika ile dakika ambayo wengi huiogopa. "Wale wageni wetu, tungependa kuwaona. Simameni tu, msiogope." Unasimama, shingo mia zinageuka, unapewa kipaza sauti. Mzoefu husema jina lake, ameokoka, anampenda Bwana, analeta salamu za kanisa la nyumbani Bungoma. Asiyezoea hubaki akishika kiti cha mbele yake. Wanaopanga ibada huamini kwamba huko ndiko kukaribisha. Mimi siamini. Mtu aliyetoka kwenye talaka, au aliyepoteza kazi kiwandani EPZ wiki jana, hakuja kutambulishwa. Amekuja kukaa nyuma na kulia kidogo bila kuulizwa. Kanisa lenye busara huwaambia wageni mapema kwamba anayetaka kubaki ameketi, abaki. Baada ya ibada utaitwa chumba cha wageni, chai na mandazi, na fomu ya jina, simu na mahali unapoishi. Kujaza si lazima. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, na kanisa haliko nje ya sheria hiyo kwa sababu fomu imeombewa.

Lakini uso wa kanisa mlangoni si kanisa. Swali la kumuuliza yule mama anayekumiminia chai ni moja: katikati ya wiki, Jumatano kwa mfano, mnakutana wapi?

Kwa Wakatoliki jibu ni jumuiya. Maaskofu wa Afrika Mashariki, chini ya shirikisho lao, AMECEA, walikutana Nairobi mwaka 1976 na kuweka jumuiya ndogondogo za Kikristo kuwa msingi wa parokia. Wapresbiteri wa PCEA wana wilaya, kila moja na mzee wake. Waanglikana wana ushirika wa nyumbani, Wapentekoste wana seli. Majina ni mengi, kinachofanyika ni kimoja: watu kumi na watano wanajibana katika sebule ya nyumba ya chumba kimoja cha kulala, viatu vimejaa kwenye ngazi, viti vya plastiki vimeazimwa ghorofa ya chini, mtoto wa mwenye nyumba anafanyia homuweki kitandani. Somo linasomwa, kila mmoja anaulizwa limemgusa wapi, na hapo ndipo unajua kwamba yule baba wa suti ya Jumapili ana mtoto amelazwa hospitali ya Mama Lucy. Chai hutoka kwenye thamosi. Mhazini anafungua kaunta buku na kuandika shilingi hamsini za kila mtu. Lazima kikao kimalizike kabla geti la ploti halijafungwa.

Shilingi hamsini hizo, mgeni, usizidharau. Nairobi mtu hufia mjini na huzikwa nyumbani, na nyumbani ni Siaya, au Kitui, au Vihiga. Kufika huko kunahitaji mochari ilipwe, gari la maiti, basi la waombolezaji, na watu wa kukaa na mjane usiku baada ya usiku. Kamati ya mazishi huundwa jioni ileile, na nusu yake hutoka jumuiya. Hapo ndipo familia nyingi hugundua kwa uchungu kwamba marehemu, aliyeketi kanisa lilelile miaka sita na kutoa sadaka kwa Paybill, hana anayemfahamu. Padre akiulizwa kuhusu misa ya mazishi, naye huuliza: alikuwa jumuiya gani? Vivyo hivyo kwa ubatizo wa mtoto na kwa harusi, huenda ukahitaji neno la mwenyekiti wa jumuiya yako. Wengine huuona huo kuwa urasimu. Ni kweli unaweza kuumiza, hasa mwenyekiti akiwa mtu wa visasi. Lakini bila huo, katika mtaa kama huu, hakuna namna nyingine ya padre mmoja kujua maelfu.

Kuhusu fedha, mgeni ana haki ya kutazama. Fungu la kumi, shukrani, jengo, misheni: bahasha ni nyingi na hakuna anayepaswa kukufuata nayo Jumapili ya kwanza. Uliza kama hesabu husomwa mbele ya washarika. Novemba 2024, Rais William Ruto alipotoa mamilioni katika Kanisa Katoliki la Soweto, si mbali na hapa, Askofu Mkuu Philip Anyolo alitangaza siku iliyofuata kwamba pesa hizo zirudishwe. Waanglikana walikuwa wamewafungia wanasiasa madhabahu tangu Septemba 2021, kwa tamko la Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit kule Butere. Kanisa ambalo bado linampa mheshimiwa kipaza sauti limekwisha kukueleza linamtazama nani.

Na tangu Shakahola, mwaka 2023, ambako miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja ilifukuliwa msituni Kilifi, hakuna haja ya kuona haya kuuliza kama kanisa limesajiliwa, nani anamsimamia mchungaji, na kama mgonjwa wao anaruhusiwa kwenda hospitali. Mchungaji mwema hatakasirika. Akikasirika, matatu ya kurudi ipo.

Kuna mgeni mmoja ambaye makanisa yetu hapa Fedha bado hayajajua kumkaribisha: msichana wa kazi, yule ambaye watoto humwita anti. Ametoka mbali, hajui mtu, na Jumapili yake huanza baada ya vyombo vya chakula cha mchana. Ibada zimekwisha. Jumuiya za katikati ya wiki hukutana saa ambazo yeye anapika. Akija na familia anayoifanyia kazi, huketi na watoto, na wakati wa kutambulisha wageni hakuna anayemtazama. Kuhamisha mkutano mmoja wa jumuiya uwe Jumapili saa tisa alasiri hakuhitaji harambee wala ruhusa ya askofu, mwenyekiti na wanachama wake wanaweza kukubaliana wiki hii, na mama mwenye nyumba akamwambia, "Anti, leo tunaenda pamoja."