Matayarisho ya Msimu wa Kuwinda Kulungu Wisconsin

Katika jimbo la Wisconsin, kaskazini mwa Marekani, msimu mkuu wa kuwinda kulungu kwa bunduki hudumu siku 9 tu, kuanzia Jumamosi inayotangulia sikukuu ya Shukrani mwezi Novemba. Kwa hiyo mwindaji anayengoja msimu ufunguliwe ndipo ajiandae huwa amekwisha kuchelewa.

Anayewindwa ni kulungu wa mkia mweupe, ambaye, tofauti na kulungu wa Afrika Mashariki mwenye pembe za kudumu, huangusha pembe zake kila mwaka na kuota nyingine. Ifikapo Septemba, ngozi laini inayozifunika pembe changa hukauka, na dume huiondoa kwa kujisugua kwenye miti midogo. Magome yaliyochubuka, pamoja na vijia, malalo na mialoni inayodondosha matunda, humwonyesha mwindaji mnyama anakopita, anakolala na anakolisha. Hata hivyo, upelelezi huo haupaswi kuzidi kiasi, kwa sababu kulungu hutegemea sana pua, na harufu ya mtu anayerudirudi mahali pamoja humhamisha. Mwindaji makini huteua sehemu kadhaa za kuvizia, ili siku ya siku achague ile ambayo upepo utavuma kutoka kwa mnyama kuja kwake.

Wengi huvizia juu ya ulingo uliofungwa mtini, na kuanguka kutoka humo ni miongoni mwa ajali kuu za uwindaji huo. Kamba na mikanda iliyoachwa nje mwaka mzima hudhoofishwa na jua na kutafunwa na kindi, hivyo hukaguliwa mapema. Mpandaji naye hujifunga mkanda wa usalama tangu miguu inapoacha ardhi, kisha huivuta bunduki kwa kamba ikiwa haina risasi.

Bunduki yenyewe hujaribiwa kwenye uwanja wa shabaha, mara nyingi kwa umbali wa yadi 100, yaani karibu mita 91. Mpigaji hufyatua risasi tatu, hutazama matundu yalikokusanyika, kisha hurekebisha darubini, akitumia risasi za aina ileile atakayowindia, kwani aina tofauti hazipigi mahali pamoja.

Sheria nayo ina masharti yake: mbali na leseni, aliyezaliwa kuanzia Januari 1, 1973 kwa kawaida hutakiwa awe amehitimu mafunzo ya usalama, na wakati wa msimu wa bunduki mwindaji huvaa rangi kali ya machungwa au ya waridi, ambayo wenzake huiona kwa mbali ilhali kulungu haibainishi vizuri.

Mwisho ni nyama. Tangu 2002 jimbo hilo limekuwa likipambana na ugonjwa sugu wa kudhoofisha kulungu, unaoharibu ubongo na usio na tiba. Kwa hiyo ni busara kujua mapema sampuli za mnyama hupelekwa wapi kupimwa ugonjwa huo, na kutokula nyama ya mnyama aliyethibitika kuugua.