Anwani moja, tovuti nyingi: Seva inavyojua ni ipi unayoitafuta

Mfanyabiashara wa mafuta ya mawese mjini Rumonge akifungua tovuti ya wakala wake wa forodha na kukuta ukurasa wa kampuni nyingine kabisa, jambo la kwanza analofikiri ni kwamba tovuti imevamiwa na wezi. Mara nyingi sivyo. Kompyuta inayohifadhi tovuti hiyo imeshindwa kulitambua jina lililoombwa, ikamkabidhi mgeni ukurasa wa mtu mwingine. Kwa mtu anayesubiri bei ya usafiri, karatasi za mzigo au namba ya akaunti ya kulipia, kosa hilo linaweza kugharimu siku nzima. Na kama halikutambuliwa, linaweza kugharimu fedha.

Rumonge ni mji wa mawese, samaki na maboti, ulio ufukweni mwa Ziwa Tanganyika kusini mwa Bujumbura. Tangu mgawanyo mpya wa mikoa ya Burundi wa mwaka 2025, mji huo uko katika mkoa wa Burunga. Biashara yake na Kigoma hupita ziwani, au barabarani kupitia Manyovu, Mugina na Nyanza-Lac. Siku hizi sehemu kubwa ya shughuli hizo huanzia kwenye simu ya mkononi: tovuti ya mamlaka ya mapato, ya wakala, ya kampuni ya malori au ya muuzaji wa vipuri. Ndiyo maana inafaa mfanyabiashara na msafirishaji wafahamu kinachotokea kati ya kuandika jina la tovuti na kufunguka kwa ukurasa.

Nyumba moja, wapangaji wengi

Kila tovuti huhifadhiwa katika kompyuta iitwayo seva. Seva hujulikana mtandaoni kwa anwani ya namba, kwa mfano 192.0.2.10. Wengi hudhani kwamba kila tovuti ina seva yake na namba yake. Hali halisi ni tofauti. Kampuni ndogo na za kati kwa kawaida hukodi nafasi tu, na seva moja yenye namba moja inaweza kubeba mamia ya tovuti zisizohusiana hata kidogo. Kila mpangaji wa namna hiyo mafundi humwita hosti pepe.

Sababu kubwa ni uhaba wa namba. Mfumo wa anwani uitwao IPv4, ambao bado unatumika sana, una namba zipatazo bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima. Ghala kuu la dunia la namba hizo lilikwisha Februari 2011. AFRINIC, shirika lenye makao yake Mauritius linalogawa namba barani Afrika, lilianza kuzigawa kwa kipimo mwaka 2017, na likapunguza zaidi kipimo hicho Januari 2020. Kumpa kila mwenye duka namba yake mwenyewe kungekuwa ghali, wakati kupanga pamoja ni rahisi.

Wakazi wa ukanda huu wanaujua mpango wa aina hii kupitia sanduku la posta. Sanduku moja la shule au la ofisi lilipokea barua za watu wengi. Namba ya sanduku iliifikisha barua posta, lakini aliyeipeleka mkononi mwa mwenyewe ni karani, kwa kusoma jina lililoandikwa juu ya bahasha. Mtandao nao unafanya kazi vivyo hivyo: namba inakufikisha mlangoni, jina ndilo linalokufikisha kwa mwenyewe.

Safari ya ombi moja

Tuseme kuna tovuti mbili, mawese.bi na dagaa.bi. Majina haya ni ya mfano tu. Zote mbili zimepanga katika seva yenye namba 192.0.2.10. Mteja aliyeko Kigoma anaandika mawese.bi kwenye kivinjari, yaani programu ya simu ya kufungulia tovuti.

Kwanza, simu inauliza daftari la majina la mtandao, liitwalo DNS, jina hilo liko kwenye namba gani. Jibu linakuja: 192.0.2.10. Angeuliza dagaa.bi angepata jibu lile lile.

Pili, simu inapiga hodi kwenye namba hiyo, kupitia mlango maalumu. Mlango namba 80 ni wa mawasiliano ya wazi, yaani http. Mlango namba 443 ni wa mawasiliano yaliyofichwa, yaani https.

Tatu, simu inatuma ombi, na ndani ya ombi hilo kuna mstari mfupi unaosema: Host: mawese.bi. Huo ndio sawa na jina la juu ya bahasha.

Mstari huo haukuwa lazima tangu mwanzo. Kanuni za HTTP/1.0 zilizochapishwa mwaka 1996 hazikuulazimisha, hivyo seva ilijua tu kwamba mtu amefika mlangoni, bila kujua amemfuata nani. HTTP/1.1, iliyochapishwa Januari 1997, iliufanya kuwa wa lazima. Ombi la HTTP/1.1 lisilotaja jina hukataliwa kwa jibu la kosa namba 400.

Seva inavyochagua

Programu mbili za seva zinazotumika sana duniani ni Apache, iliyoanza mwaka 1995, na nginx, iliyotolewa mwaka 2004. Zote mbili huchagua kwa hatua mbili.

Hatua ya kwanza ni namba na mlango. Seva inatazama ombi limeingia kwa anwani ipi na mlango upi, kisha inabaki na orodha ya wapangaji wa mlango huo tu. Wa mlango mwingine hawahesabiwi kabisa.

Hatua ya pili ni jina. Seva inalinganisha jina lililotajwa na majina yaliyoandikwa kwa kila mpangaji. Katika Apache kila mpangaji ana jina kuu, liitwalo ServerName, na anaweza kuwa na majina ya ziada, yaitwayo ServerAlias. Herufi kubwa na ndogo hazileti tofauti. Apache huishia kwa mpangaji wa kwanza ambaye jina lake limelingana. Nginx huanza na jina lililolingana herufi kwa herufi, ndipo hutazama majina yenye alama ya nyota inayosimama badala ya neno lolote.

Majina ya ziada si mapambo. Samaki yule yule anayeitwa mgebuka Kigoma huitwa mukeke Burundi, na muuzaji asiyejua majina yote mawili hupoteza wateja wa upande mmoja. Kwa seva, mawese.bi na www.mawese.bi ni majina mawili tofauti. Fundi akiandika moja akasahau la pili, nusu ya wageni hawatafika.

Jina lisipojulikana

Hapa ndipo penye hatari. Watu wengi wangetegemea kwamba seva isipolijua jina itasema wazi kwamba haimjui mwenye jina hilo. Kwa kawaida haisemi hivyo. Inamfungulia mgeni tovuti ya kwanza katika orodha ya mlango ule. Apache hufanya hivyo, na nginx pia, isipokuwa kama fundi ameteua nyingine kuwa ya akiba.

Ni kama mpakuzi wa bandarini ambaye akikuta dumu la mawese lisilo na alama analipeleka kwenye ghala lililo karibu na lango, badala ya kuliweka kando na kuuliza. Mwenye ghala hakuiba. Mwenye mzigo naye hajui mali yake imekwenda wapi.

Na wa kwanza katika orodha huwa wa kwanza kwa bahati tu. Katika kompyuta nyingi zenye mfumo wa Debian, mafaili ya wapangaji husomwa kwa mpangilio wa alfabeti. Ndiyo maana faili la akiba hupewa jina linaloanza na 000, litangulie mengine. Fundi akiliondoa, mpangaji ambaye jina la faili lake linaanza na herufi A anaweza kujikuta anapokea wageni wote waliopotea njia.

Bahasha iliyofungwa

Tovuti za malipo na forodha hutumia https, ambapo mawasiliano hufungwa yasisomwe njiani. Jambo hilo lilizua fumbo. Kabla ya kufunga mawasiliano, seva inatakiwa ionyeshe cheti chenye jina la tovuti. Lakini jina analolitaka mgeni limo ndani ya bahasha ambayo bado haijafunguliwa. Seva yenye wapangaji mia itoe cheti cha nani?

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa kumpa kila mwenye https namba yake. Mwaka 2003 ulitangazwa utaratibu uitwao SNI, ambao humwezesha mgeni kutaja jina mapema, wakati wa salamu, kabla ya mawasiliano kufungwa. Ulichelewa kuenea kwa sababu Internet Explorer katika Windows XP haikuujua kabisa. Windows XP ilipoachwa na watengenezaji wake Aprili 2014, na huduma ya Let's Encrypt ilipoanza kutoa vyeti bure kwa umma Desemba 2015, hata tovuti ndogo iliyopanga na wengine iliweza kuwa na kufuli lake.

Kufuli hilo lina maana moja tu: unazungumza na mwenye jina lililoandikwa juu ya kivinjari, na hakuna anayesikiliza njiani. Halisemi kwamba mwenye jina hilo ni mwaminifu.

Dalili na maana zake

Jina ni sahihi lakini umefunguka ukurasa wa kampuni nyingine. Huenda tovuti imehamishiwa seva mpya na daftari la DNS unalotumia bado linakuelekeza kwenye ile ya zamani, ambako jina limekwisha kufutwa. Hali hiyo huweza kudumu kwa saa kadhaa. Au mwenye tovuti hajalipia nafasi yake. Jaribu kupitia mtandao mwingine wa simu. Usichukue namba yoyote ya simu au ya akaunti kutoka ukurasa huo.

Inafunguka kwa www, bila www haifunguki. Jina la ziada limesahauliwa, ama kwenye daftari la DNS ama kwenye seva.

Kwa http ni sawa, kwa https inakuja tovuti nyingine au onyo. Mpangaji ameandikishwa mlango wa 80 tu, hayumo katika orodha ya mlango wa 443.

Kivinjari kinaonya kwamba cheti hakilingani na jina. Seva imetoa cheti cha mpangaji mwingine. Kama onyo linasema cheti kimekwisha muda, huenda mwenye tovuti hakukihuisha, au tarehe ya simu yako haiko sawa. Kwa vyovyote, usiandike neno la siri wala kutuma malipo mpaka onyo liondoke.

Jina linafanana lakini si lenyewe. Hili ni la kuogopwa kuliko yote, kwa sababu hapo seva haijakosea. Mwenye jina anaweza kuongeza mbele yake maneno yoyote anayotaka, na seva yake itayakubali bila kuomba ruhusa kwa mtu. Mamlaka ya Mapato ya Burundi hutumia obr.bi, na ya Tanzania hutumia tra.go.tz. Lakini maneno hayo yakifuatwa na nukta na maneno mengine kabla ya alama ya mkwaju (/), hiyo ni tovuti ya mtu mwingine. Jina husomwa kutoka mwisho: mwenye nyumba yuko kulia.

Kwa mwenye tovuti

Msafirishaji au wakala anayemlipa fundi amtengenezee tovuti ana haki ya kudai mambo matano kabla ya kumaliza malipo.

Jina la tovuti liandikishwe kwa jina la mwenye biashara, si la fundi. Wakigombana, mwenye jina anaweza kuhamia seva nyingine kwa siku moja. Asiye na jina ameacha ufunguo mikononi mwa mwingine.

Jina lenye www na lisilo na www yaandikwe yote mawili, katika mlango wa 80 na wa 443.

Cheti kiwe na majina yote mawili, na kihuishwe na kompyuta yenyewe bila kusubiri mtu. Vyeti vya Let's Encrypt kwa kawaida vimekuwa vya siku 90, muda ambao ni rahisi kuusahau.

Tovuti ya akiba katika seva iwe ukurasa mtupu usio wa mteja yeyote, ili aliyepotea ajue kwamba amepotea.

Na wakati wa kuhama, jina lisifutwe kwenye seva ya zamani siku hiyo hiyo. Liachwe siku mbili tatu, mpaka madaftari ya DNS yapate namba mpya.

Kupima ni kazi ya dakika tano. Andika jina la tovuti yako kwa namna nne: http bila www, http na www, https bila www, https na www. Zote zikufikishe kwenye ukurasa wako, bila onyo. Ikishindikana hata moja, mpigie fundi leo, maana kuna mteja Kigoma au Nyanza-Lac anayeandika jina kwa namna hiyo hiyo na kukuta bidhaa za mwingine.